Meza ya kulia ya grevilea: kuanzia ubao mbichi hadi vanishi ya mwisho

Meza iliyoundwa kwa mbao mbichi wakati wa mvua za Aprili hupasuka Januari. Mteja humlaumu seremala, seremala humlaumu aliyemuuzia mbao, na mwishowe kila mtu huulaumu mti wenyewe: laiti ingekuwa mahogani! Lakini mahogani mbichi hupasuka vilevile. Grevilea ya shambani iliyokaushwa ipasavyo na kupewa nafasi ya kutanuka na kusinyaa itatumika miaka mingi kuliko mahogani iliyokimbizwa kutoka msumenoni hadi sebuleni.

Ubao huvuta na kuachia unyevu maisha yake yote, hata baada ya kupakwa vanishi. Ndani ya nyumba za Nairobi mbao hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 12. Kila unyevu unapopungua kwa asilimia moja, ubao wa kawaida husinyaa upande wa upana wake kwa takriban robo ya asilimia. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Sasa piga hesabu ya meza ya upana wa milimita 900 iliyoundwa kwa mbao za asilimia 20: itapoteza asilimia nane, nayo itasinyaa kwa milimita 18. Ukiwa umeupigilia uso wa meza misumari kwenye fremu pande zote, milimita hizo 18 zitatafuta pa kutokea, na zitatokea kama ufa katikati ya meza.

Mwongozo huu ni wa meza ya watu sita: urefu milimita 1500, upana 900, kimo 750. Ukishaielewa, kitanda na kabati hufuata kanuni zilezile.

Mti gani

Grevilea, ambayo wakulima wengi wa Mlima Kenya huijua kama mukima au mubariti, asili yake ni mashariki ya Australia. Ililetwa kuwa kivuli cha kahawa na chai, na leo imesimama kwenye mipaka ya mashamba Kiambu, Murang'a, Kirinyaga na Embu. Huo ndio uzuri wake mkubwa: mkulima hukata mmoja, hupanda mwingine, na msitu wa asili hauguswi. Ikipasuliwa kuelekea kiini cha gogo, hutoa madoa ya kung'aa yanayopendeza kuliko rangi yoyote ya chupa. Ina kasoro moja ambayo mafundi huijua kwa ngozi zao: vumbi lake huwawasha baadhi ya watu na kuwatoa vipele. Vaa barakoa na mikono mirefu unapopiga msasa.

Saipresi na paini ni laini, sahani nzito ikidondoka huacha alama. Zinafaa rafu na chaga za kitanda. Mkaratusi ni mgumu na wenye nguvu, ila hujipinda vibaya unapokauka. Utumie kwa vigingi vidogo tu. Mvule, muhugu na Meru oak ni mbao nzuri mno, lakini huchukua vizazi kukomaa, na hakuna meza ya kulia inayozihitaji. Mahogani ya Kiafrika na mninga ziliingizwa mwaka 2022 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Wachongaji wa Ukambani walishaligusa tatizo hili mapema: mpingo na muhugu ulipoadimika, wengi walihamia mwarobaini, na vinyago vyao bado vinanunuliwa.

Kununua bila kupunjwa

Uwe soko la Gikomba, Nairobi, au kwenye yadi za mtaani, mbao huuzwa kwa futi na kwa ukubwa wa inchi. Meza hii yote inatoka kwenye ukubwa mmoja: sita kwa moja. Nunua vipande vinane vya futi 12, jumla futi 96. Vinne ni vya uso, viwili vya miguu, viwili vya fremu na akiba.

Nenda na tepu. "Inchi moja" ya yadini mara nyingi ni jina tu. Ukipewa ubao wa milimita 22 kabla ya kurandwa, utabaki na 18 na meza itakuwa nyepesi. Unataka milimita 25 kamili ili ubaki na 22. Kisha kagua kila ubao mmoja mmoja:

- Uinue hadi jichoni uutazame kwa urefu. Uliopinda kama upinde utaunyoosha kwa randa, ila uliojisokota, pembe moja juu na nyingine chini, urudishe.
- Tazama ncha. Ukiona kitovu cha mti, ubao huo utapasuka hapo siku moja.
- Tafuta matundu madogo kama ncha ya kalamu na unga laini unaomwagika ukiugonga. Hao ni wadudu wabunguao mbao. Hupenda ile sehemu nyeupe ya nje kwa sababu ina wanga, kwa hiyo chagua mbao zenye sehemu hiyo kidogo.
- Vifundo vilivyoshikamana na ubao havina neno. Vyeusi vyenye mzingo wa gamba hung'oka.

Muulize muuzaji kibali cha kusafirisha mbao kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Muuzaji mwaminifu haoni haya kukionyesha. Marufuku ya ukataji katika misitu ya umma iliwekwa Februari 2018 na Rais akatangaza kuiondoa Julai 2023, na tangu hapo swali la mbao imetoka wapi limekuwa zito zaidi.

Ukipata mbao za nyumba iliyobomolewa, zichukue. Zimekaushwa na miongo ya jua la mabati. Kazi ni kung'oa kila msumari kabla ya randa, maana msumari mmoja hukata meno ya mashine. Mbao za paleti zitazame muhuri: HT maana yake zilitibiwa kwa joto, zinafaa, zenye MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, usizilete ndani.

Kukausha: hapa ndipo meza hufa au hupona

Usiamini "hizi ni kavu" ya yadini. Ubao uliosimamishwa kwenye kibanda miezi miwili umekauka ngozi tu.

Paka kwanza ncha zote mbili za kila ubao rangi ya mafuta, nzito, siku ileile unapozileta. Unyevu hutoka nchani kwa kasi kubwa kuliko ubavuni, na ncha zisipozibwa hukauka mapema, husinyaa, na kupasuka sentimita 10 hadi 20 ndani. Hiyo ni pesa yako inayoishia jikoni kama kuni.

Jenga kitako cha mawe au matofali kimo cha sentimita 40 ili unyevu wa udongo na mchwa visifike. Panga mbao tabaka kwa tabaka, ukiacha sentimita mbili au tatu kati ya ubao na ubao. Kati ya tabaka na tabaka laza vijiti vikavu vya milimita 25 kwa 25, kila baada ya sentimita 45, na kijiti cha juu kiwe sawasawa juu ya kile cha chini. Vijiti vikipishana, mbao hujifunza mawimbi, nayo hayatoki tena. Juu kabisa weka mawe mazito. Funika kwa mabati yaliyoinuliwa angalau sentimita 30 juu ya rundo ili joto lisizioke mbao za juu. Usizungushie nailoni pembeni. Hewa isipopita, kuvu hula.

Grevilea ya inchi moja huchukua takriban miezi mitatu hadi minne, zaidi ikikutana na mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba. Tatu kwa tatu ya mguu ingechukua karibu mwaka, na ndiyo sababu miguu ya meza hii tunaiunda kwa kubandika vipande vitatu vya inchi moja. Inakauka mapema, haipasuki katikati, na haihitaji gogo nene.

Kipima unyevu cha umeme kinasaidia, ila oveni na mizani ya jikoni vinatosha. Kata ubao mmoja, upite sentimita 30 kutoka nchani, kisha utoe kipande cha sentimita 10. Kipime mara moja. Kiweke ovenini kwenye nyuzi 103, kipime tena kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Mfano: gramu 276 zimekuwa 230. Tofauti ni 46, gawanya kwa 230, ni asilimia 20. Rudi ukangoje. Ikiwa 259 na 230, ni asilimia 12.6, anza kazi. Zikishafika hapo, ziingize mbao ndani ya nyumba wiki mbili kabla ya kuzikata.

Ukitaka kinga ya ziada dhidi ya wabunguao, tumbukiza mbao zikiwa bado mbichi, kabla ya kuzipanga, kwenye maji lita 10 yenye gramu 600 za boraksi na 400 za asidi ya boriki, zikeshe humo. Chukua maji ya moto ili chumvi ziyeyuke, vaa glavu, na weka watoto na mifugo mbali. Dawa hii huoshwa na mvua, hivyo ni ya fanicha ya ndani pekee.

Vipimo

Peleka mbao zikarandwe hadi milimita 22, pande zote mbili. Kisha:

- Uso: vipande 7 vya 1600 × 135. Vikiunganishwa vinatoa 945, utapunguza hadi 900.
- Miguu: vipande 12 vya 750 × 70, vitatu kwa kila mguu. Mguu ukikamilika uwe 66 × 66 × 728.
- Mikanda, yaani mbao nne zinazounganisha miguu chini ya uso: miwili ya 1248 × 100, miwili ya 648 × 100. Vipimo hivi vimejumuisha ulimi, yaani ncha nyembamba inayoingia kwenye tundu la mguu, wa milimita 40 kila upande.
- Vibanio vya kushikia uso: 10, kila kimoja 40 × 30 × 17.

Fremu nzima itakuwa 1300 kwa 700, na uso utaizidi milimita 100 kila upande.

Kuunganisha uso

Laza vipande saba mezani uvichezeshe hadi michoro ya nyuzi ikubaliane. Angalia pia nyuzi zipande kuelekea upande mmoja, la sivyo utakapopiga randa uso wote, ubao mmoja utalainika na jirani yake utang'oka nyama. Chora pembetatu kubwa ya penseli kupita juu ya vipande vyote ili mpangilio usipotee.

Kingo ziwe mraba kabisa. Weka vipande viwili kingo kwa kingo na utazame mwanga upande wa pili. Mwanga ukipita nchani, randa tena. Ukipita kidogo sana katikati, unene wa karatasi, hilo ni jema: klampu, yaani kibano cha kukaza mbao, itaziba, na ncha zitabanwa zaidi pale zinapopenda kuachana. Usitegemee klampu kuziba nafasi ya milimita mbili. Itaziba leo, na gundi itavutwa kila siku hadi iachie.

Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kingo, tabaka jembamba lililofunika kila mahali. Nusu kilo inatosha meza nzima na chenji ibaki. Tumia klampu tano, zikipishana, moja chini, moja juu, ili uso usijikunje. Kaza mpaka shanga ndogo za gundi zitokeze mfululizo kwenye mstari. Zisipotokea kuna mahali pakavu, zikimiminika umekaza kupita kiasi na kuifukuza gundi yote. Julai asubuhi Nairobi kuna baridi, na gundi hii ikikauka kwenye baridi kali huwa nyeupe kama chaki na haina nguvu. Gundisha saa sita mchana, mbao zikiwa zimeota joto. Acha klampu saa mbili au tatu, na usirande uso kabla ya saa 24. Maji ya gundi huvimbisha kiungo, na ukikiranda kikiwa kimevimba kitabonyea baadaye, uone mifereji sita ikimulikwa na taa.

Miguu ibandike kwa namna hiyohiyo, vipande vitatu vitatu, kisha uirande hadi 66 na uikate kwa guni, kipimo cha pembe mraba.

Viungo vya fremu

Ulimi na tundu. Skurubu peke yake kwenye kona ya meza hulegea, kwa sababu kila anayeegemea meza huisukuma kama wenzo, na uzi wa skurubu husaga mbao kuwa unga.

Tundu liwe na upana wa milimita 8, urefu 70, kina 42. Lianze milimita 20 chini ya ncha ya juu ya mguu. Ukilianzia juu kabisa mguu utapasuka. Mkanda ukae milimita 5 ndani ya uso wa nje wa mguu, hivyo ukingo wa nje wa tundu uwe milimita 12 kutoka nje. Kwa vipimo hivi matundu mawili ya mguu mmoja hayakutani. Chimba kwanza kwa drili ya milimita 8, matundu yakifuatana, kisha safisha kwa patasi kali.

Ulimi uwe milimita 8 katikati ya unene wa 22, na bega, yaani ngazi inayobaki kando ya ulimi, la milimita 7 kila upande. Ukate mnene kidogo, kisha upunguze kwa patasi hadi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo nzito, utapasua mguu. Ukiingia wenyewe, gundi haitaokoa. Ulimi ni mfupi kuliko tundu kwa milimita mbili, na nafasi hiyo ni ya gundi ya ziada. Bila hiyo gundi hubanwa chini na bega halifungi.

Sasa kigingi. Toboa mguu milimita 8, kupita kwenye tundu, milimita 15 kutoka ukingo wa ndani wa mguu. Ingiza ulimi bila gundi, weka alama ya tobo, utoe, kisha utoboe ulimi milimita moja karibu zaidi na bega. Ukigongea kigingi kikavu cha mkaratusi kilichochongwa ncha, tobo hizo mbili zikijaribu kulingana zitauvuta ulimi ndani na kufunga bega bila klampu. Hata gundi ikichoka baada ya miaka mingi, kigingi kitashika, na fundi wa baadaye ataweza kukitoa na kurekebisha.

Gundisha pande fupi mbili kwanza. Siku inayofuata ziunganishe kwa mikanda mirefu. Kabla gundi haijashika, pima kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo visipolingana, sukuma kona ndefu.

Kufunga uso ili upumue

Ndani ya kila mkanda chimba mfereji wa upana milimita 7 na kina 12, ukianza milimita 12 chini ya ukingo wa juu. Kila kibanio kikate ngazi ya milimita 11 nchani, ubaki ulimi wa unene wa milimita 6. Nyuzi za kibanio zielekee kwenye ncha ya ulimi wake; zikikatisha, ulimi utavunjika siku ya kwanza.

Weka vibanio vitatu kila mkanda mrefu, viwili kila mkanda mfupi. Kwenye mikanda mirefu usiusukume ulimi hadi mwisho wa mfereji: acha milimita 5. Hizo ndizo uso utakazotumia kutanuka na kusinyaa. Skurubu iwe ya milimita 30. Itaingia 13 kwenye uso wa 22 na haitatokeza juu. Usitie gundi hapa hata tone.

Vanishi

Piga msasa namba 80, 120, kisha 180, daima kwa kufuata nyuzi. Pangusa kwa kitambaa kibichi, nyuzi zitasimama. Zikikauka rudia 180 kwa mkono mwepesi.

Laka ya kupuliza inayotumiwa na warsha nyingi hukauka haraka na kupendeza dukani, lakini kikombe cha chai ya moto huiachia duara jeupe. Kwa meza ya kulia chukua vanishi ya poliuretani. Tabaka la kwanza lichanganye na tapentaini, sehemu moja kwa tano za vanishi, lipenye. Kisha matabaka matatu mazima, kila moja likikauka saa 24 na kukwaruzwa kwa msasa 240.

Paka upande wa chini wa uso matabaka sawa na ya juu. Wengi huuacha mtupu kwa kuwa hauonekani, kisha upande mmoja hunywa unyevu kuliko mwingine na meza hujikunja kingo. Nyayo za miguu nazo zinyweshe vanishi hadi zikatae: nyumba nyingi hupigwa deki kila siku, na maji hupanda kwenye ncha za nyuzi kuliko popote.

Ukipendelea mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji. Yakikunjwa na kurundikwa hujipasha joto na kuwaka yenyewe.

Matunzo na matengenezo

Meza ikae mbali na dirisha lenye jua la alasiri. Ikipelekwa Mombasa, ambako hewa ina unyevu zaidi, itatanuka. Legeza skurubu za vibanio robo mzunguko kabla ya safari na ukaze baada ya miezi miwili. Vanishi ikififia, usiikwangue yote: osha kwa sabuni kidogo, kausha, pitisha msasa 240, ongeza tabaka moja.

Kona ikianza kulegea, gongea kigingi nje kwa chuma cha milimita 7, toa ulimi, kwangua gundi ya zamani hadi uione mbao, maana gundi mpya haishiki juu ya ya zamani. Ulimi ukiwa umelika, bandika kipande chembamba cha mbao upande mmoja, uupunguze tena hadi uingie kwa kiganja, kisha gundi na kigingi kipya.